Jicho la Roboti

Kabati lilikuwa wazi, na jicho la roboti, yaani kamera yake, halikuwamo. La akiba nalo halikuwamo.

Inspekta alikitazama chumba cha upasuaji kwa macho ya mtu aliyekesha kwenye kesi nyingine. Roboti ilisimama na mikono yake minne, imevishwa plastiki kama kochi jipya. Mgonjwa aliyekuwa akiisubiri, mama mtu mzima mwenye saratani ya pafu, alikuwa amesharudishwa wodini.

"Kitasa hakikuvunjwa," alisema koplo wa alama za vidole. "Na alama zilizopo ni za wenyewe. Muuguzi na daktari bingwa."

Muuguzi alihojiwa kwanza.

"Dada, nani ana ufunguo?"

"Mimi na daktari. Na kabla hujauliza, afande, kamera ile haiuziki; hata ukimpelekea fundi simu atakufukuza."

"Uligundua lini?"

"Asubuhi hii, nikitayarisha. Nikamwambia daktari. Akakaa chini."

Daktari alikuwa bado amekaa. Mgonjwa alikuwa mama yake mzazi.

"Huwezi kumpasua kwa mkono?" Inspekta alimuuliza.

"Kifua chake hakitahimili kupasuliwa wazi. Nimempa rufaa. Kuna hospitali nyingine yenye mashine kama hii, na bingwa wao amekubali kumpokea leo."

"Ulimpigia lini?"

"Wizi ulipogunduliwa."

Inspekta alienda koridoni akampigia bingwa huyo. Aliporudi alivuta kiti, akakaa kwa kuguna.

"Mwenzako anasema mliongea jana jioni. Ulijuaje jana kwamba jicho litapotea leo?"

Daktari alifungua mkoba wake. Kamera zote mbili zilikuwamo, zimeviringishwa kwa kitambaa safi kama vichanga.

"Mganga hajigangi," alisema. "Wala mamaye. Nimekikalia kile kiti cha kuiendeshea roboti mara nyingi, afande. Kwenye skrini naona pafu, simwoni mtu. Juzi nikafanya mazoezi kwa picha za mama. Nikamwona yeye, si pafu; nikaizima mashine."

"Ungemwambia."

"Ameshawatangazia wodi nzima kwamba mwanawe ndiye atakayemtibu. Nimwambie naogopa?"

"Ndiyo. Twende ukamwambie. Kituoni tutafika tu."

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akihema kwa shida.

"Kwa hiyo hutanipasua wewe?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

Mama alifumba macho. Inspekta alidhani analia.

"Wiki nzima sijalala," mama alisema. "Najiuliza, nikikufia mikononi, mwanangu, utaishije? Lakini ningemtaka mwingine, watu wangesema hata mama yake hamwamini. Ndiyo maana nikawa napiga domo."

Daktari alipiga magoti kando ya kitanda. Mama alimwekea mkono kichwani, kisha akamgeukia Inspekta.

"Mtamfunga?"

"Hilo si langu, mama. Langu ni kuandika maelezo yake."

"Basi yaandike polepole, baba. Gari la wagonjwa halijafika."