Ukindu wa Zambarau Chini ya Usukani

Maiti ilikuwa imekaa kwenye usukani, kichwa kimelala begani kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Ukungu wa Konde ulikuwa haujapanda, na harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara ilitanda pale utadhani hakuna lililotokea.

"Nasor Maher, mfanyabiashara," akasema konstebo. "Lori la abiria limemgonga kwa nyuma. Dereva tunaye."

Inspekta Mwanamize alilizunguka gari polepole. Nyuma lilikuwa limebonyea lote, taa zimesagika unga.

Dereva wa lori, Shaame, alikuwa ameketi chini na pingu mikononi.

"Ulilala?"

"Sikulala, afande! Ng'ombe alikatiza, mwenzangu wa mbele akasimama ghafla. Taa zake za breki hazikuwaka."

"Kila anayegonga kwa nyuma husema hivyo," konstebo akacheka.

"Wallahi hazikuwaka! Kwenye ukungu huu ningeona hata sigara. Mkinifunga kwa roho ya mtu, wanangu watalelewa na nani?"

Gari likakokotwa hadi Wete, kwa fundi Mabruki.

"Masikini Nasor! Leo ndiyo alikuwa aniletee. Kruzi yake imegoma tangu juzi."

"Kruzi ndiyo nini?"

"Kifaa cha kushika mwendo, Bi Inspekta. Unabonyeza kitufe, unaondoa mguu, gari linajiendea lenyewe. Ukigusa breki, linaachia. Akikipenda huyo! Hupita hapa miguu kaikunja kitini, kama yuko barazani kwake."

"Kruzi inajuaje kwamba breki imeguswa?"

"Kuna swichi juu ya pedeli."

"Na taa za breki?"

Kicheko kikamkatika Mabruki. "Swichi hiyo hiyo."

Akalala chali chini ya usukani. Fyuzi ilikuwa nzima, waya mzima. Kisha akapapasa juu ya pedeli.

"Plagi ya swichi imechomolewa."

"Labda ni kwa kishindo."

"Kishindo hakifungi fundo, Bi Inspekta."

Plagi ilikuwa imefungwa pembeni kwa ukindu wa zambarau, ule wa kusukia mikeka, vizuri kabisa, isije ikamkera dereva miguuni. Mabruki akaukata ukindu, akairudisha plagi mahali pake, akaunga balbu mpya nyuma. Mwanamize akakanyaga pedeli. Balbu ikawaka.

"Nani mwengine aliijua swichi hii?"

"Mkewe. Siku moja alinishikia tochi. Akauliza, ikichomolewa inakuwaje? Nikamwambia kruzi haitashika tena."

"Ukamwambia na habari ya taa?"

Fundi akatazama mafuta viganjani mwake. "Hakuuliza."

Kesho yake, Mwanamize aliingia peke yake nyumbani kwa marehemu. Thuraiya, mjane wake, alikuwa keshakaa eda, mwanamume asingemwona. Pembeni yake palikuwa na mkeka ambao haujesha, una mistari ya zambarau.

"Mungu akupe subira, Bi Thuraiya."

"Amin."

Mwanamize akauweka ule ukindu juu ya mkeka. Rangi zikalingana.

"Kuna mtu mahabusu, ana watoto. Anaambiwa alilala."

Thuraiya aliutazama ukindu kama aliyeuota zamani.

"Aliyekuwa akilala ni Nasor," akasema. "Msimu huu alikuwa hapati usingizi, usiku kucha na karafuu zake. Siku moja nipo ubavuni mwake garini, nikamgeukia. Macho kafumba. Katabasamu, na gari linajiendea! Nilipiga ukelele mpaka koo ikauma. Nikamwambia kitoe kitu hicho. Akacheka: 'Weye mwoga, mke wangu.'"

"Ndipo ukachomoa."

"Nilisema moyoni, mguu wake ukiwa na kazi, usingizi hautamjia."

"Hukufikiria taa?"

"Taa ziko nyuma, Bi Inspekta. Mie nilikuwa nikimtazama yeye tu."

Nje watoto walikuwa wakicheza. Mwanamize akatoa karatasi, kalamu ikamwia nzito.

"Andika," Thuraiya akasema. "Mkono ni wangu. Yule dereva mwachieni arudi kwa wanawe."

Asubuhi iliyofuata Shaame aliachiwa, na Mwanamize akampeleka kwao kwa gari lake. Walipofika pale pa ajali, kwenye harufu ya karafuu, ukungu ulikuwa umeshuka tena. Mwanamize akakanyaga breki, taratibu.

Shaame aligeuka nyuma. Ukungu wote ulikuwa mwekundu, na majani ya migomba ndani yake.

"Zinawaka," akasema, na machozi yakamtoka.