Kiti cha Mgeni

Mgeni alipewa kiti, lakini hakutokea. Mwanaidi aliliona jambo hilo jioni ile ile, akalipuuza. Mwanamke mwenye chumba cha gemu, ndoo ya maandazi ya kuuza na mume mwenye mawazo hana muda wa kutafuta wageni wasiofika.

Mumewe, Mhina, alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la Handeni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia. Badala ya kuingia ndani akavue viatu, alisimama mlangoni mwa chumba chao pale Manundu, mjini Korogwe, akamwangalia mkewe kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mwanaidi, nimetoka Kang'ata, kule Handeni, na mgeni. Hana pa kukaa."

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Apewe kiti?"

"We Mhina, mgeni wako naye anaulizwa kiti? Mpe."

"Sema wewe. Nataka utoe wewe kwa mdomo wako."

Mwanaidi akacheka. Alidhani safari imemchosha. "Haya, mimi Mwanaidi nimetoa kiti. Mgeni karibu, kaa."

Akachukua kiti chake cha plastiki, akakifuta kwa pindo la kanga, akakiweka karibu na televisheni. Hakuja mtu. Mhina alishusha pumzi ndefu, akaenda kuoga, akala ugali wote, yeye ambaye wiki nzima chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Chakula kilikuwa hakimpiti kwa sababu ya mashine. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na shamba la mkonge limpunguze kazi, Mhina alikuwa ameweka kiinua mgongo chake chote kwenye televisheni kubwa na mashine ya gemu ya kijivu, mtumba kutoka Dubai. Vijana wa Korogwe waliipenda CD moja tu, ya mpira. Walifuta majina ya wachezaji wa Ulaya wakaweka ya kwao, wakaanzisha ligi, na ligi yote ikawa inakaa ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, haizidi kiberiti kwa ukubwa. Halafu ile mashine ikafa. Mhina akanunua mpya, nyeusi, inayong'aa, akifikiri mpya ni mpya.

Vijana walizitazama gemu za mashine mpya, wakasifia nyasi na jasho la wachezaji, kisha wakauliza ligi yao iko wapi.

Awadhi, fundi wa redio na televisheni, ndiye aliyeitwa. Aliingiza CD ya zamani kwenye mashine mpya, nayo ikasoma, lakini ikasoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Picha ilitoka nyeusi na nyeupe. Mpira ulifika kabla ya mguu kupiga. Kelele za mashabiki hazikusikika kabisa, ila filimbi tu, kavu, uwanjani kama kwenye msiba. Na kadi ya zamani, kila ilipochomekwa, mashine ilisema haina kitu.

"Shemeji, hii mpya inamwigiza marehemu," Awadhi alimwambia Mwanaidi. "Mwendo imejitahidi, sauti imeshindwa. Na CD yenyewe ilitengenezwa kwa televisheni za nchi nyingine, ndiyo maana rangi zimekimbia. Mimi hapa nimefika mwisho."

Kesho yake Mhina alipanda basi kwenda Handeni. Alisema anakwenda kumwona fundi mkubwa.

Basi, asubuhi baada ya kile kiti kutolewa, gemu iliwaka na rangi zake zote. Mpira ulitii mguu. Kadi ilifunguka na ligi ikawepo, kila jina mahali pake. Na mashabiki wakaimba. Awadhi alikuja, akaizunguka mashine, akainusa.

"Nani kaigusa hii?"

"Mungu," alisema Mhina.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Sijui walikuwa wanapima kwa futi gani, maana hii ya Mhina ilienda mbali.

Chumba kilijaa. Vijana walikaa hadi madirishani. Mwanaidi alifurahi kama mke yeyote, ila kulikuwa na harufu iliyomkera, ya udi uliochanganyika na waya ulioungua, na hapakuwa na chetezo wala waya. Halafu vikaja vidole. Aliamka vidole gumba vinamuuma, ngozi imekuwa ngumu kama ya mkata mkonge. Hajawahi kushika pedi ya gemu maishani mwake.

Siku moja mchana alikuwa anakata vitunguu, umeme ukakatika. Hakumbuki zaidi ya hapo. Alipozinduka shavu lake lilikuwa juu ya kibao, vitunguu vimenyauka, na taa ya jikoni ilikuwa imerudi. Mhina alikuwa amechuchumaa pembeni akimtazama.

"Umeanguka umeme ulipokatika," alisema taratibu. "Umeamka uliporudi."

Wiki hiyo hiyo akanunua jenereta. Mwanaidi alilia kwa furaha. Aliwaambia majirani, mume wangu ananipenda, kaninunulia jenereta nisianguke tena.

Mwanamke wa watu.

Ikaja Jumamosi ya nusu fainali. Jua lilikuwa kali, chumba kimefurika, Mwanaidi ameketi kwenye kiti chake cha plastiki akigawa maandazi. Awadhi naye alikuwepo, na kelele za mashabiki zilikuwa zinamsumbua kichwa, maana alijua kwa hakika kwamba mashine ile haikuwa na uwezo wa kuzitoa. Akainama nyuma ya televisheni, akachomoa waya wa sauti. Kelele hazikukatika. Akachomoa na ule wa spika, akaushika mkononi juu ili kila mtu auone, na kelele zikaendelea kupanda, maelfu ya watu wanaimba na kupiga makofi na kuzomea, na vijana mmoja baada ya mwingine wakaacha kutazama kioo, wakageuza shingo kuifuata sauti inakotoka, macho yao yakapita juu ya televisheni, yakapita dirishani, yakaja yakasimama kwa Mwanaidi, aliyekuwa ameketi wima, mdomo umefunguka kidogo tu kama wa mtu anayetaka kuuliza kitu, mikono miwili mbele ya tumbo imeshika hewa, vidole gumba vinakimbia, na kutoka kooni mwake, bila ulimi kutikisika, uwanja mzima ulikuwa unaimba.

Mlango ulikuwa mwembamba kwa watu waliotaka kutoka.

Alibaki Awadhi. "Shemeji," alinong'ona. "Shemeji, funga mdomo."

Mwanaidi alisikia kwa mbali. Aliinua mikono, ikamgomea, akaivuta kwa nguvu zake zote hadi ikafika usoni, akaufunga mdomo kwa viganja. Uwanja ukanyamaza. Chini ya viganja alihisi bado unamtetemesha meno.

Mhina alitokea uani. Alimtazama Awadhi, akautazama waya. Akauchukua, akauchomeka mahali pake, akasema, "Usichezee vitu vya watu." Hakushangaa. Hicho ndicho kilichomchoma Mwanaidi kuliko yote, kwamba mumewe hakushangaa.

Umeme ulipokuwa bado unawaka mjini, Mwanaidi alipanda gari la Magoma kwa dada yake, Amne, akiomba njia nzima usikatike. Amne alimwona vidole. Alimshika mkono hadi kwa Bibi Chausiku, mganga aliyewahi kumtibu mama yao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Usiniambie kitu, nasikia." Bibi alimwekea sikio kifuani. Kisha akamfunga vidole gumba kwa uzi wa kaniki, akafukiza ubani. "Huyu ni jini wa biashara. Kahamishwa. Alikaa kwenye chombo cha zamani, chombo kikafa, akarudi kwao, wakamfuata, wakataka kumtia kwenye kipya. Haenei. Hawa wa zamani hawakai kwenye kipya mpaka kati yake na chombo akae mtu. Nani alikufanya kiti?"

"Kiti?"

"Kiti, mjukuu wangu. Anayekaliwa na pepo anaitwaje?"

Amne alishika mdomo. Mwanaidi alikuwa anajua. Mama yake mwenyewe alikuwa kiti. Neno hilo alilisikia tangu anatambaa. Lakini nani hulikumbuka neno la ngoma ya pepo mbele ya mume mwenye vumbi, anayeuliza kiti cha mgeni? Aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka mlangoni: mimi Mwanaidi nimetoa kiti. Mgeni karibu, kaa.

"Nilisema mimi," alisema. "Aliniomba niseme kwa mdomo wangu. Bibi, alikuwa anajua. Alinitazama usoni, akaniomba." Akalia, na kilio hicho kilikuwa chake bado.

Bibi Chausiku alimwacha alie. "Mimi nitamwita huyu mgeni, ataitika. Lakini kumwinua kitini ni kazi ya aliyemleta. Mumeo aje, amwambie neno moja tu: rudi kwenu. Ataondoka, na wewe utapona."

Amne akaenda Korogwe. Alirudi na Mhina. Mwanaidi alipomwona anainama kupita mlangoni, pamoja na yote, moyo wake ulimkimbilia. Alikuwa amekuja. Mtu akija ina maana anajuta.

Mhina alipiga magoti mbele yake, macho mekundu. "Nisamehe, mke wangu. Tungekula nini? Niambie, tungekula nini?"

"Mwambie arudi kwao," alisema Mwanaidi. "Tutalima. Sema tu, twende nyumbani."

Bibi aliongeza ubani. Mwanaidi akahisi mgeni anaamka ndani yake, anapanda taratibu kutoka tumboni, anakaa sawasawa nyuma ya macho yake kama mtu anayesogea dirishani, na safari hii hakumfukuza mwenyeji, alimwacha aone na asikie kila kitu.

"Amefika," alisema Bibi. "Sema."

Mhina alifungua kinywa. Akageuka kwa Bibi, akanong'ona, "Na mashine?"

"Mashine itabaki bati."

"Fainali ni Jumapili," alisema Mhina. Alisema kwa upole, akiomba aeleweke. Amne alimwita jina lake mara mbili, hakugeuka. Alikuwa anamtazama Mwanaidi, mke wake wa ndoa, machoni kabisa, ila hakuwa anazungumza naye.

"Kaa kwanza, mgeni," alisema.

Mwanaidi alitaka kupiga kelele. Alitaka angalau kumwambia kwamba amesikia, kwamba alikuwepo. Kinywa chake kilifunguka, ikatoka sauti nzito ya kiume, tulivu, yenye adabu zote.

"Ahsante, mwenye nyumba."