Mwizi Aliyetoa Taarifa

Seva, kompyuta kuu ya kiwanda cha magodoro, iliibwa Jumamosi, na mwizi aliziacha nyaya zake zimekunjwa na kufungwa moja moja.

Nyaya hizo ndizo Inspekta Mauwa alizozitazama kwanza alipofika Gongo la Mboto Jumatatu asubuhi. Chumba hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa nondo, kufuli limekatwa kwa msumeno wa chuma. Alama za vidole zilizopatikana zilikuwa za mtu mmoja tu, Marselino, meneja wa tehama, na hilo halikumshangaza yeyote. Ndiye aliyekuwa akishinda humo miaka yote.

Kufikia wakati huo mlinzi, Mzee Mwishehe, alikuwa ameshalazwa mahabusu. Mwenye kiwanda, Mzee Abdulrahman, alikuwa na hoja moja: mashine haina mabawa, na geti lilikuwa na mtu mmoja. Jumatano mlinzi angefikishwa mahakamani. Mkuu wa kituo alitaka jalada likamilike kabla ya hapo.

Mauwa alimwamkia mlinzi huyo kupitia nondo za mahabusu. Naye alikuwa na sentensi moja tu, akairudia kila alipoulizwa.

"Getini kwangu haikupita, mwanangu."

Jambo lililomsumbua Inspekta ni kwamba kiwanda kilikuwa kinafanya kazi. Oda zinaingia, malori yanapakia. Marselino alimweleza sababu kabla hajaulizwa. Kumbukumbu zote alikuwa amezinakili kimyakimya kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zinazofikiwa kwa mtandao. Hakuna kilichopotea. Mzee Abdulrahman, ambaye kwa miaka mingi alilikataa wingu akisema mali yake huiweka pale anapoiona, sasa alikuwa akipita ofisi hadi ofisi akimsifu kijana wake.

Katika maelezo hayo simu ya Marselino iliita mara tatu. Kila mara aliipokea kwa kusimama, kama mwanafunzi aliyetajwa jina.

Mchana askari wa zamu akamtania Mauwa kwamba mahabusu wake siku hizi anakula vizuri kuliko polisi. Wali, samaki, chungwa. Nani analeta? Meneja wa tehama. Inspekta hakuwa na neno na wema wa watu. Alipenda tu kujua unatokea wapi.

Jumanne akamhoji Najma, mhasibu, anayekaa Pugu. Jumamosi alikuwa akifanya kazi kwa mbali, nyumbani kwake.

"Mfumo ulipokatika ulipoteza kazi yoyote?"

"Hapana, afande. Mie nilishahifadhi. Si tangazo lilitokea?"

"Tangazo gani?"

"La siku zote. 'Tafadhali hifadhi kazi yako, mfumo unazimwa.' Kaka Marselino hulituma akitaka kuzima mashine."

"Mwingine anaweza kulituma?"

"Nani? Nywila anayo yeye peke..."

Najma akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyemuuliza tangu mwanzo.

Mauwa akarudi kwenye sentensi ya mlinzi, safari hii akaichukua kama ilivyo. Kama mashine haikupita getini, basi ipo ndani. Akaamuru banda la vipande vya sponji lipekuliwe. Waliikuta seva katikati ya rundo, imeviringishiwa sponji mpya mara mbili. Hata kona hazikuchubuka.

Marselino aliletwa kituoni, akasomewa onyo. Alikaa mikono juu ya meza.

"Ulikata kufuli lako mwenyewe."

"Ili ionekane wizi."

"Mwizi haagi. Kwa nini ulituma tangazo?"

Alifikiri kana kwamba swali hilo ni geni kwake. "Kulikuwa na mtu ndani ya mfumo, afande. Ukizima ghafla, kazi ya mtu inaharibika."

"Mzee Mwishehe je? Yeye hukumpa taarifa."

Marselino aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alisema yote, na karani akaandika.

Mwaka uliopita mama yake alifariki Masasi. Marselino alikuwa amefika Nangurukuru, nusu ya njia kwenda kuzika, simu ilipoita: mashine imegoma, mishahara haitoki. Bosi alimwambia arudi leo, au asirudi kabisa. Alishuka, akavuka barabara, akapanda basi la kurudi Dar. Mama akazikwa na wadogo zake. Baada ya hapo aliomba tena na tena mfumo uhamishiwe kwenye wingu, fundi yeyote aweze kuuhudumia kutoka popote. Alikataliwa. Akaona kwamba mashine ikitoweka, bosi hatakuwa na njia nyingine, na yeye atakuwa huru.

"Mzee Mwishehe sikumhesabu," alisema. "Nilidhani watapiga kelele, basi. Alipokamatwa nikaogopa."

"Ukampelekea samaki."

"Ndiyo."

"Na huo uhuru, umeupata?"

Alicheka kidogo, bila furaha. "Zamani waliniita kwenye chumba cha seva, afande. Chumba kina mlango, ukitoka, umetoka. Sasa mfumo uko popote, nami natafutwa popote. Jana nilipokea simu bafuni, sabuni imejaa machoni."

Mzee Mwishehe aliachiwa alasiri hiyo. Alikuwa kaunta akirudishiwa mkanda na kofia Marselino alipopitishwa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alimaliza kwanza kufunga mkanda. "Marahaba," akasema, hakumtazama, akatoka.

Marselino akavua mkanda wake, akavua viatu, akaiweka simu juu ya kaunta. Hakuwa amefika mlango wa mahabusu ilipoanza kuita.

"Bosi wako huyo," askari wa zamu alisema, akisoma jina.

Mkono wa Marselino uliinuka wenyewe. Mauwa akatikisa kichwa. Mlango wa nondo ukafungwa, komeo likasukumwa. Simu ikaita hadi ikakatika, ikaanza upya.

Kutoka ndani, sauti yake ikaja, ya upole, ya mtu aliye kazini.

"Afande, mwambieni azime kompyuta, asubiri kidogo, halafu awashe."