Pini ya Baiskeli ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Celina alikuwa na kazi moja iliyowatia wivu watoto wenzake wa kijiji cha Kanazi: kukunjua baiskeli ya Mama. Mwaka ule wa 1975 baiskeli zilikuwepo, lakini kubwa, nyeusi, za wanaume. Hii ilikuwa na magurudumu madogo, na fremu yake ilijikunja katikati kama daftari. Muuguzi mmoja wa misheni alimwachia Mama aliporudi kwao Ulaya. Ukishaikunjua, unaingiza pini nene ya chuma kwenye bawaba, unakaza, kisha unazungushia kipande cha mpira wa tyubu kuzuia mvua na vumbi. Celina aliifanya kazi hiyo kwa maringo, tuseme ukweli.

Lakini asubuhi ya Jumanne moja aliikunjua bila maringo. Pini haikuwepo.

Ilikatika Jumamosi. Mama alikuwa amekataza watu wawili kupanda baiskeli ile, na Celina akampakia rafiki yake Clotilda wakashuka nayo mbio njia ya kisimani. Waliparamia jiwe, pini ikakatika vipande viwili. Clotilda alimshauri aseme. Celina akamwambia anyamaze, maana fimbo ya Mama isingempata Clotilda. Kisha akafanya kama tunavyofanya sote huku kwetu kitu kikilegea, iwe mlango, mzigo wa kuni au mguu wa kiti: alichuna kamba ya mgomba, akailowesha, akaizungusha kwenye bawaba mara saba na kuikaza. Juu yake akavuta ule mpira. Ukitazama, huoni kitu.

Kwa kuwa Celina ndiye aliyeikunja na kuikunjua, kila mara aliifunga kamba upya, na Mama hakuona. Jumapili alikwenda nayo kanisani. Jumatatu alikwenda nayo kwenye darasa la kisomo, ambako aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Njia zote mbili ni fupi na tambarare, na Celina akaanza kujidanganya kwamba mambo yamekwisha. Kumbe jioni ile, wakimenya ndizi, Mama akasema kesho atakwenda Ijumbi, kule Muleba, kupeleka karatasi za mtihani wa kisomo, kwa sababu mwalimu aliyepangwa anaumwa. Hajawahi kwenda mbali hivyo na kibaiskeli chake, akasema huku akicheka. Celina alijikata kidole. Akaendelea kumenya.

Na sasa Mama alikuwa anafunga mfuko wa karatasi kwenye keria. Aliuliza kama bawaba imekazwa vizuri.

"Ndiyo, Mama," Celina akajibu. Mama akapanda, akapotea nyuma ya migomba.

Shuleni Celina hakusikia hesabu wala Kiswahili. Alichokiona mbele yake ni ule mteremko wa njia ya Muleba, mrefu, wenye kokoto, unaoishia kwenye daraja la magogo lisilo na ukingo. Chini yake mto una mawe. Aliiona kamba ikisagika chini ya mpira, uzi baada ya uzi. Mwalimu Bartholomayo alipomwita asome, alisimama na kitabu kikamwanguka.

"Mwalimu, mama yangu atakufa," alisema, akaeleza yote mbele ya darasa zima, huku Clotilda ameinamisha uso. Watoto wengine wangecheka, ila sauti ya Celina haikuwa ya kuchekwa.

Mwalimu hakupoteza muda kumgombeza. Alimwachia kiranja darasa, akatoa baiskeli yake kubwa, akamketisha Celina nyuma, wakaondoka. Kila kona Celina alifumba macho, akiogopa kumkuta Mama amelala barabarani. Alikuwa na matumaini mawili tu. Kwanza, magurudumu madogo huzunguka sana na kwenda kidogo, na kwenye vilima Mama husukuma kwa mikono. Pili, Mama amelelewa vizuri: hampiti mzee akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, hupiga magoti, huamkia, huuliza habari za mji na za ng'ombe, ndipo aendelee. Siku zote Celina alichoshwa na salamu hizo. Leo alimwomba Mungu awalete barabarani wazee wote wa mkoa wa Ziwa Magharibi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika kahawa aliwaambia kwamba mwalimu wa kisomo amepita sasa hivi. Mwalimu Bartholomayo akaongeza mwendo huku akihema. Walipofika kileleni, pale mteremko unapoanza, wakamwona Mama. Alikuwa anaagana na Mzee Byabato, mwenye shamba la pale juu, na tayari mguu mmoja ulikuwa kwenye pedali. Akajisukuma.

Celina aliruka kutoka kwenye keria, akaanguka, magoti yakachunika, akapiga kelele, "Mama, simama!"

Mama alibana breki. Baiskeli ikajikunja katikati, ikamtupa kwenye kokoto. Karatasi zikatawanyika. Hakuwa amefika hata hatua kumi kwenye mteremko.

Aliinuka peke yake, kiwiko kikivuja damu. Aliutazama mteremko hadi chini kwenye daraja. Kisha akavuta ule mpira, nyuzi za mgomba zikamwagika mkononi mwake, na akaelewa. Mzee Byabato alikuwa anaokota karatasi. Celina alisimama akisubiri kipigo, akaona ni afadhali kije.

"Jumamosi uliogopa nini?" Mama akauliza.

"Fimbo."

"Na leo?"

"Niliogopa utakufa, Mama." Akaangua kilio.

Mama alikaa chini kwenye majani. Akamvuta Celina karibu, na Celina akausikia mwili wa Mama ukitetemeka kuliko wake.

Mwalimu Bartholomayo alisema atampeleka Mama Ijumbi mwenyewe, watu wasikose mtihani waliousubiri. Mama naye akaamua: baiskeli ndogo ingebaki kwa Mzee Byabato mpaka fundi achonge pini nyingine, na kila Jumamosi Celina angekuja kumpalilia mzee kahawa hadi siku hiyo.

Kabla ya kupanda baiskeli ya Mwalimu, Mama alimshika Celina mabega.

"Ungeniambia Jumamosi, ningekuchapa, ungelia, na jioni tungekula pamoja yamekwisha," alisema. "Ulificha, hofu ikakua siku tatu, ikataka kunichukua mimi. Mwanangu, ukikosea, njoo useme siku hiyohiyo, hata kama fimbo iko mkononi mwangu. Nipe nafasi ya kukasirika nikiwa hai."