Watoto wa Mondo Shambani kwa Waithera

Mavuno yalikuwa yamefika Saboti. Katika shamba la Waithera mahindi yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa wima, fungu baada ya fungu, ili yakauke. Asubuhi hiyo Waithera, ambaye majirani humwita Mama Muchiri, alikwenda kuanza kuyavunja.

Mumewe, Mbogo, alibaki nyumbani na hasira zake. Kuku wao walilala juu ya mparachichi, na mara kwa mara mmoja alipotea. Mbogo alikuwa ameapa kumkomesha mwizi huyo.

Waithera alipofungua fungu la kwanza, kitu kilimtolea sauti ya ukali. Aliinama. Ndani ya mabua kulikuwa na watoto wawili wa paka, wenye madoa meusi na masikio makubwa.

"Maskini! Kuna mtu amekuja kutupa paka hapa," alisema. Watu wa pale hutupa watoto wa paka pembeni mwa mashamba wakiwa wamewachoka. Waithera ana huruma. Aliwafunga kwa leso, akawabeba nyumbani, akawaweka ndani ya katoni jikoni.

Baadaye kidogo Jerop alifika kumwangalia ng'ombe wao. Jerop ni jirani yao, naye ni daktari wa mifugo mjini Kitale. Alipochungulia katoni, alichuchumaa kuitazama vizuri.

"Mama Muchiri, hawa umewatoa wapi?"

"Kwa mahindi. Si ni paka tu?"

"Hawa ni watoto wa mondo."

"Mondo? Yule wa porini?" Waithera alirudi nyuma. "Lakini wanafanana na Pusi wangu!"

"Ni ukoo mmoja. Hebu mlete huyo Pusi."

Jerop alimpakata paka, akabonyeza wayo wake polepole. Kucha zikachomoza. Alipoachilia, zikarudi ndani.

"Unaona? Akitembea anazificha. Ndiyo maana humsikii. Ulimi wake una miiba midogo ya kukwangua nyama kwa mfupa. Masharubu yanampimia njia gizani. Na macho yake yanatumia mwanga kidogo tu, ndiyo maana yanang'aa ukimmulika na tochi. Mondo ako na hayo yote. Chui pia. Hata simba, bana."

"Ati simba? Na huyu analala kwa jivu!"

Waithera alimtazama Pusi kana kwamba ni mgeni aliyeingia sasa hivi. Alimwogopa kidogo, na pia alimwonea fahari.

"Sasa sikia," Jerop alisema. "Mama yao hakuwatupa. Aliwaficha, akaenda kuwinda. Wakikosa maziwa yake watakufa. Tuwarudishe sasa hivi. Na usishike tena mnyama wa porini. Nawa mikono vizuri na sabuni. Angekuuma, ungeenda hospitali leo leo, maana anaweza kuwa na kichaa cha mbwa."

Mbogo alikuwa amesimama mlangoni. Uso ulimshuka.

"Daktari," alisema, "nimeweka nyama kwa ua asubuhi. Iko na sumu."

Hakuna aliyemlaumu, maana hakukuwa na wakati. Walikimbia. Mbogo alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akaokota vipande vya nyama na kuvifukia chini sana, mbali na kisima. Kipande kimoja hakikuonekana.

Waliwarudisha watoto ndani ya mabua yale yale, kisha wote watatu wakajificha nyuma ya ghala. Jua lilishuka kuelekea mlimani.

"Mungu wangu, kama ni yeye alikula hiyo nyama?" Waithera alinong'ona. Mbogo aliinamisha kichwa.

Mara nyasi zikatikisika. Mondo akatokea.

Alikuwa na miguu mirefu na manyoya ya rangi ya dhahabu. Alisimama, mguu mmoja juu, masikio mbele, kama Pusi anapomsikia panya ghalani. Kisha aliruka. Aliruka juu sana, akatua kwa miguu ya mbele, na panya mnene akawa mdomoni mwake.

Alipomaliza kumla, aliita kwa sauti ndogo. Watoto wakaitikia. Alimshika mmoja kwa ngozi ya shingo, na mtoto akatulia tuli, miguu ameikunja. Pusi hubeba watoto wake vivyo hivyo, kutoka chini ya kitanda hadi jikoni. Mondo alipotelea kichakani, kisha akarudi kumchukua wa pili.

Waithera alilia kwa furaha. Ameishi na paka tangu utotoni, lakini hakuwahi kujua ni kiumbe gani anachokikanyaga mkia kila siku.

"Chakula chake hasa ni panya," Jerop alisema. "Lakini kuku akilala nje, atamchukua. Hata Pusi hula vifaranga. Fungia kuku mapema."

Kesho yake walimkuta kunguru amekufa chini ya mparachichi. Kile kipande kilikuwa kimeliwa naye. Mbogo alimfukia. Wiki hiyo hiyo alijenga banda la kuku lenye waya imara na mlango wa komeo, na jioni huwafungia kuku kabla giza halijaingia. Tangu hapo hakuna kuku aliyepotea, na panya wamepungua ghalani.

Juzi jirani mwingine, Wangila, alikuja kuuliza ile sumu ilinunuliwa wapi. Mbogo alimshika mkono, akampeleka nyuma ya ghala jua likielekea kutua, saa ambayo mondo hutoka kuwinda.

"Kaa hapa, ndugu yangu," alisema. "Nyamaza tu, uangalie."