Sekunde Kumi na Moja za Bibi Mwanamina

Wengine husimulia mambo kama haya wakasema yalimpata jirani wa jirani. Ningependa na mimi niseme hivyo. Lakini yalinipata mwenyewe, na nilichokifanya nilikifanya kwa mkono wangu wa kulia.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nilikuwa studio kwa Kaka Asif, hapa Kibiti mjini, nahariri video ya harusi ya watu wa Nyamwage. Niliacha shule kidato cha pili baba alipofariki, Kaka Asif akanichukua nimsaidie. Kazi yangu ni kuchagua vipande na kuvipunguza. Unashika ncha ya kipande, unaivuta ndani, na usiyoyataka hayaonekani tena: mtu anayejikuna, bibi harusi anayepiga chafya, mjomba anayetafuna mbele ya kamera. Siku ya kwanza kabisa Kaka Asif aliniambia, "Ukipunguza hujafuta, Muzdalifa. Umekunja tu, kama pindo la gauni. Ukivuta ncha, yote yanarudi. Ila ukifuta chanzo, basi tena."

Saa sita mchana akaingia Ba'mkubwa Mshamu, kaka yake marehemu baba.

"Shikamoo, Ba'mkubwa."

"Marahaba. Bosi wako yuko wapi?"

"Kaenda kwao kula."

"Afadhali." Akavuta stuli, akakaa karibu yangu mno. "Ile video ya Mama unayo?"

Nilikuwa nayo. Bibi Mwanamina, mama yao, alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Siku chache kabla aliniita kwake Mbuchi nimrekodi kwa simu, ameketi mkekani na kanga yake ya bluu. Aliwaomba watu radhi, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Shamba la bondeni, Mshamu alilime. Alilime mwaka huu mmoja tu, amalize shida zake, kisha amrudishie Mwanahawa. Ni lake. Nilishampa."

Shangazi Mwanahawa si wa damu. Bibi alimchukua kwa marehemu rafiki yake akiwa hajaota meno, akamlea. Yeye ndiye aliyepanda juu ya dungu la shambani kila msimu kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Yeye ndiye aliyemwogesha Bibi alipokuwa hajiwezi. Kwenye mirathi hakuwa na fungu. Maneno yale mawili matatu ndiyo yalikuwa haki yake yote.

Kabla sijazima simu, Bibi aliniangalia. "Usikate hata neno, mjukuu wangu."

"Sitakata hata neno, Bibi," nikamjibu. Sauti yangu ikaingia mwisho wa video.

"Kata pale anaposema Mshamu alilime," Ba'mkubwa akanong'ona. "Yanayofuata huko usiyaweke."

"Na Shangazi?"

"Shangazi yako atakula kwangu, nani atamfukuza? Wewe unataka kurudi shule, au unataka kuzeekea kwenye harusi za watu? Januari nakuandikisha mtihani wa QT, uendelee na masomo. Wallahi."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wenzangu walikuwa kidato cha nne. Kila asubuhi walipita mbele ya studio na sketi zao, na mimi nikainama nikajifanya nafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Nikashika ncha ya kipande. Nikaivuta. Dakika nne na sekunde kumi na mbili zikawa dakika mbili na sekunde arobaini. Nikatoa video mpya. Kisha nikafuta chanzo, kwenye simu na kwenye kompyuta, nikamwaga na pipa lake la taka.

"Umefuta kabisa?"

"Kabisa."

Akanipapasa kichwa. "Unaona? Una akili wewe."

Kesho yake niliifungua ile video ili niiweke kwenye flashi. Ilikuwa na dakika mbili na sekunde hamsini na moja.

Nikadhani nimekosea. Nikapunguza tena, nikahakikisha, nikaandika arobaini kwa kalamu kwenye kiganja. Alhamisi kiganja kilisema arobaini. Video ilisema hamsini na moja.

Zilikuwa zimezidi sekunde kumi na moja, palepale mwishoni. Kaka Asif alikuwa nje anabishana na mteja, jua linawaka, pikipiki zinapita. Nikazitazama.

Bibi alikuwa ameketi mkekani. Hasemi. Kwenye rekodi yangu hakukuwa na mahali alipokaa kimya hivyo. Kanga ya bluu haikuwepo. Alikuwa amefunikwa kitu cheupe mpaka kwenye nywele. Alinitazama mimi, si kamera. Puani mwake palikuwa na kitu. Nikaikuza picha.

Ilikuwa pamba.

Niliijua ile pamba. Siku ya kumwosha nilikaa nje ya pazia na bakuli la kafuri iliyosagwa. Nilichambua pamba kwa vidole, nikaipaka kafuri, nikampa Shangazi Mwanahawa vipande viwili vidogo vya puani.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini, kwamba Bibi ananidai maneno yake? Ingebidi niseme kwanza kwamba nimeyachukua.

Siku ya arobaini tulikwenda Mbuchi kwenye hitma. Walisoma, wakaomba dua, wakala. Shangazi Mwanahawa aliniita jikoni. "Fundi wetu huyu. Siku hizi hata marehemu anawasemesha." Akacheka, akanipa sahani iliyofunikwa. "Nimekuwekea ukoko. Kula, umekonda."

Nilikula ukoko wake. Nilikula wote.

Baada ya adhuhuri wakaiweka televisheni ya sola mlangoni, wanaume wakae barazani na wanawake ua wa ndani, wote waone. Mzee Mwinyimvua, aliyesimamia mirathi, akasema tusikilize wasia wa marehemu. Ba'mkubwa akachomeka flashi mwenyewe.

Bibi akasema. Akaomba radhi. Wanawake wakalia kidogo kidogo. Akafika pale. "Shamba la bondeni, Mshamu alilime."

Kioo kikawa cheusi.

Nilimwangalia Shangazi. Alikuwa anakunja ukingo wa kanga yake, anaukunjua, anaukunja.

"Imekwisha hiyo au imekwama?" akauliza Mzee Mwinyimvua.

"Imekwisha," akajibu Ba'mkubwa.

Haikuwa imekwisha. Kwenye kioo cheusi kitu cheupe kilianza kuonekana. Kwanza mabega. Kisha uso. Kisha pamba. Nikatazama watu. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alikuwa anatafuta viatu vyake.

Nikamtazama Ba'mkubwa. Alikuwa amesimama na rimoti mkononi. Anabonyeza. Anabonyeza. Midomo yake ilikuwa mikavu. Yeye alimwona.

Bibi hakufungua mdomo. Nikahesabu. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Kisha televisheni ikasema, kwa sauti iliyosikika mpaka kisimani:

"Sitakata hata neno, Bibi."

Watu wote wakageuka.

"Sauti ya nani hiyo?" akauliza Mzee Mwinyimvua.

"Ya Muzda," akasema Shangazi, polepole. Akaniangalia. "Uliambiwa usikate nini, mwanangu?"

Ningeweza kusema video imejichanganya. Neno lile lilikuwa tayari mdomoni, nalisikia hata ladha yake. Lakini Bibi alikuwa bado kwenye kioo, na alikuwa ananingoja.

Nikasema. Nilisema yote, mbele ya wazee na majirani na wanawake walionifunza kusoma Kurani, nikiwa na ukoko wa Shangazi tumboni. Nilisema Mshamu alipewa mwaka mmoja. Nilisema shamba ni la nani. Nilisema na ile QT.

"Chanzo kiko wapi?" akauliza Mzee Mwinyimvua.

"Nimekifuta."

"Basi tuna neno lako tu. Neno la mtu aliyekwisha kusema uongo."

Hilo lilikuwa kweli. Tukamtazama Ba'mkubwa. Alikuwa hajatoa macho kwenye kioo. Rimoti ikamponyoka.

"Mpeni shamba lake," akasema.

"Unasemaje, Mshamu?"

"Mpeni Mwanahawa shamba lake. Na hiyo zimeni. Tafadhali zimeni."

Mtu mmoja akamwambia kwamba ilikuwa imezimwa zamani. Waya wa sola ulikuwa chini.

Shangazi analima mpaka leo. Kila akija Kibiti hupita studio kunisalimia, na kila akija huniletea ukoko kwenye kopo. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Angenitukana ningepata nafuu. Huwa ananitazama ninavyokula, kisha anasema, "Haya mwanangu, ufanye kazi," anaondoka. Shule sijarudi. Ile sketi ya sare niliyoihifadhi niliigawa.

Ile video haina tena sekunde za ziada. Nimeifungua mara nyingi. Dakika mbili na arobaini.

Ila wiki iliyofuata baada ya hitma, kitufe cha kufutia kwenye kompyuta kilikataa kubonyezeka. Kaka Asif alidhani ni makombo. Akakinyanyua kwa ncha ya bisibisi, mchana kweupe, mlango wazi, mimi nimesimama nyuma yake. Akatoa kitu kwa kibano. Akakinusa.

"Muzdalifa," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni kafuri. Nani kaileta dukani kwangu?"

Kiganjani mwake kulikuwa na vipande viwili vidogo vya pamba. Vilikuwa vibichi, na bado vilikuwa na alama za vidole vilivyovichambua.