Mama Alivyoijaribu Dawa kwa Hamira

Redio anadai kwamba donge lile la unga lilifura mpaka likasukuma kifuniko, likashuka mezani, likaelekea mlangoni. Anadai tulilioka tukauza. Tena anadai kuna mteja aliyeula mkate huo akaota nywele kwenye viganja. Haya huwaeleza wateja wake huku akiwasuka. Nao hawana pa kukimbilia, maana kichwa kiko mikononi mwake.

Redio ni msusi. Chumba chake kimepakana na tanuri letu. Hilo jina si lake la kuzaliwa, lakini limemkaa. Mama na yeye huitana shoga.

Mimi nilikuwepo siku ile. Donge halikutembea, wala hatukuuza mkate wenye dawa. Lakini jambo lenyewe lilitokea, na nusura limwondoe mama yangu. Lilikuwa hivi.

Sisi ni waoka mikate. Mama hukanda unga. Mimi huchochea moto na kupaka mafuta makopo ya kuokea. Mama ana tabia moja. Haamini kitu mpaka akijaribu. Gunia jipya la unga likiingia, hukanda kwanza donge dogo la majaribio. Hamira ikikaa sana, huikoroga kwenye maji ya uvuguvugu aone kama itatoa povu.

Miaka ya nyuma mama aliugua kansa ya titi. Akapasuliwa, akatibiwa, akarudi kazini. Kisha nyonga ikaanza kumuuma. Yeye alisema ni kusimama sana. Haikuwa kusimama. Picha ya hospitali ilionyesha kwamba kansa imerudi, safari hii kwenye mfupa.

Kliniki ya kansa ina muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Kila mtu anamwita Sista. Alimpa mama kichupa cha dawa, vidonge vya ganda.

"Mama, dawa hii utameza kila siku," alisema. "Halafu unapumzika juma moja, tunapima damu, unaanza tena. Haifuti kansa yote. Inaizuia isisambae."

"Inaizuiaje?" mama aliuliza.

"Mwili umejengwa kwa seli. Ni vitu vidogo mno, havionekani kwa macho, kama matofali ya nyumba. Ila matofali haya ni hai. Seli moja hugawanyika zikawa mbili. Mbili zikawa nne. Seli za kansa hazijui kukoma. Wewe ni mwoka mikate, utanielewa. Ni kama hamira, nayo ni seli hai, huongezeka ndani ya unga. Dawa hii inazizuia zisigawanyike."

Mama alielewa. Akaelewa kupita kiasi.

Alimeza dawa. Baada ya muda akaanza kuchoka. Vidonda vikatoka mdomoni. Nywele zikawa nyepesi, na nywele hazimpiti Redio.

"Shoga, mbona unanyauka?" alisema siku moja, ameegemea mlango wetu. "Dawa ya kweli hunenepesha mtu. Hiyo ni chaki. Siku hizi chaki imejaa kila mahali."

"Hospitali yote ile itoe chaki?"

"Chaki haina adabu, shoga. Inaingia popote."

Alipoondoka, mama alikishusha kichupa cha dawa. Kisha akaniambia, "Lete makopo mawili madogo."

Alikata madonge mawili kutoka unga mmoja uliokwisha kutiwa hamira. Akafungua ganda la kidonge, akamwaga unga wake kwenye donge moja, akalikanda vizuri. La pili hakulitia kitu. Akayaweka kando ya tanuri.

"Unafanya nini, mama?"

"Sista kasema dawa inazuia kansa, na kansa ni kama hamira. Basi tuone kama itazuia hamira."

"Si tungemuuliza mwenyewe?"

"Maswali ya nini na hamira ninayo?"

Tulifanya kazi nyingine. Tuliporudi, madonge yote mawili yalikuwa yameumuka. Yalilingana kama pacha. Mama alibonyeza moja kwa kidole, akabonyeza la pili. Yote yalirudi juu.

"Chaki," alisema.

Madonge yote mawili akayafunga kwenye mfuko, akayatupa shimoni. Kichupa akakisukuma nyuma ya rafu. Hakumeza tena.

Ajabu ni kwamba akachangamka. Vidonda vikapona. Akaanza kuimba akikanda. Redio akatangaza mtaa mzima kwamba ni yeye aliyemwokoa. Mimi niliona kitu kingine. Niliona mama anapoinuka kutoka kwenye kigoda, anashika meza kwanza. Zamani hakushika.

"Mama, nyonga je?"

"Nyonga ni ya kwangu. Wewe chochea moto."

Siku ya kliniki ikafika. Walimtoa damu, tukangoja kwenye benchi. Sista alipotuita, alikuwa na karatasi ya majibu mkononi, na hakutabasamu.

"Chembe zako nyeupe za damu zimejaa tele," alisema.

Mama akanigusa goti. "Si nilikwambia? Nimepona."

"Mama, dawa unameza?"

Mama yangu ana mengi, lakini uongo hana.

"Simezi. Ni chaki. Niliijaribu."

"Uliijaribuje?"

Mama akaeleza yote, makopo mawili, donge lenye dawa na lisilo na dawa. Sista alitaka kucheka, kisha akajizuia. Akavuta kiti, akakaa karibu.

"Kosa hili tuligawane," alisema. "Mfano wangu ulikuwa nusu, nami nikauacha hapo. Hebu tuumalize. Dawa ni ya kweli. Unajua nimejuaje?"

"Sijui."

"Damu yako imesema. Chembe nyeupe hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Huko nako seli hugawanyika kila siku. Ulipokuwa unameza, vipimo vilionyesha chembe hizo zimepungua, maana dawa ilizifikia hata seli ambazo hatukuzilenga. Ndiyo sababu tunakupumzisha, na ndiyo sababu tunapima. Leo zimejaa. Nikajua dawa haimo mwilini."

"Na hamira je? Mbona ilipanda?"

"Sikiliza. Ili seli igawanyike, lazima kitu fulani ndani yake kitoe amri: haya, anza. Kitu hicho huitwa kimeng'enya. Ni kama kifaa kidogo sana cha kazi. Wewe unavyo. Mti unavyo. Hamira nayo inavyo. Na vyote vimetoka kwa babu mmoja, zamani mno, kabla hajakuwepo mtu wala mnyama."

Mama alimtazama. "Yaani mimi na hamira ni ndugu?"

"Ndugu wa mbali."

"Maskini! Na ninavyowachoma kila asubuhi!"

Sasa Sista akacheka kweli, na mama pia.

"Undugu huu umethibitishwa," Sista aliendelea. "Wanasayansi walichukua aina fulani ya hamira ambayo kimeng'enya chake kimeharibika. Haikuweza kugawanyika. Wakaipa cha binadamu. Ikagawanyika."

"Ikakubali cha mtu?"

"Ikakubali."

Mama akakunja uso. "Basi hapo umejifunga mwenyewe, Sista. Kama ni ndugu hivyo, dawa ilishindwaje?"

"Swali zuri. Ndugu hufanana, lakini hawawi mtu mmoja. Hamira imebaki na kimeng'enya kimoja kinachobeba kazi zote kubwa za kugawanyika. Kwetu sisi ukoo huo umepanuka. Vimekuwa vingi, kila kimoja na zamu yake. Kila kizazi kilipokirithisha kizazi kingine, umbo lilibadilika kidogo. Dawa yako imetengenezwa ikae kwenye kikunjo, yaani kishimo kidogo, cha viwili tu kati ya hivyo, wale ndugu ambao kansa yako inawategemea. Ikimfikia yule wa hamira, haipati pa kushika."

Vidole vya mama vilikuwa vinatembea juu ya meza, kama vinapima kitu.

"Ni kama makopo yetu," alisema mwishowe. "Mama yangu alikuwa na kopo moja la mkate, lenye kifuniko. Fundi bati akaliiga. Likachakaa, fundi mwingine akaiga nakala ile. Sasa ninayo rafu nzima. Yote yanaoka mkate. Lakini kifuniko cha hili ukikipeleka kwa lile, hakifungi."

"Mama, huo mfano ni mzuri kuliko wangu. Nitauiba."

Nikauliza, "Si ingekuwa bora kifuniko kifunge kila kopo, tumalize kazi?"

"Hapana, mwanangu," Sista alinijibu. "Dawa ya namna hiyo ingezuia kila seli inayogawanyika, nzima na mbovu. Tungemmaliza mgonjwa pamoja na ugonjwa. Wanaotengeneza dawa huutazama ukoo wote wa vimeng'enya. Hutafuta mahali ndugu hawafanani. Hapo ndipo dawa inaposhika."

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Sasa lililo zito. Kule kubadilika kulikochukua zama nyingi, kansa hukufanya upesi. Ukiacha dawa, seli zake zinaongezeka. Zikiwa nyingi, huenda moja ikabadilika namna ambayo dawa haiiwezi tena. Hapo ni kama kopo limepinda, mama. Kifuniko ni kilekile, lakini hakifungi."

Mama hakucheka tena. "Limeshapinda langu?"

"Sijui. Tutapiga picha."

Picha ilionyesha kwamba doa la kwenye nyonga limekua kidogo. Daktari alisema bado dawa ileile inaweza kufaa, ila asichelewe. Mama alieleza uchovu na vidonda. Daktari akapunguza nguvu ya dawa, na Sista akampa maji ya kusukutua mdomo.

"Ukiona shida, njoo useme," Sista alimwambia mlangoni. "Usijipunguzie mwenyewe. Usifungue ganda, unga wake si wa kushikwashikwa. Na ile uliyoiacha nyumbani irudishe hapa, wala usimpe mtu."

"Na hamira?"

"Hamira iache ifanye mikate."

Mama alirudi kwenye dawa. Kila asubuhi, mkate wa kwanza ukitoka, hula kipande, humeza kidonge, kisha hukaa kidogo. Uchovu upo. Siku mbaya mimi hukanda na yeye husimamia, na kusimamiwa na mama ni kazi ngumu kuliko kukanda. Picha iliyofuata ilionyesha doa halijakua. Iliyofuata hiyo, limesinyaa. Daktari hakusema amepona. Alisema, "Tunakwenda vizuri." Mama sasa anainuka kwenye kigoda bila kushika meza.

Naye Redio aliendelea kutangaza. Ila nikaona jambo. Zamani aliwasuka wateja wakiwa kwenye kiti kirefu, mikono yake juu. Sasa huwakalisha chini, kwenye mkeka, ili mikono isipande. Mkono wa kushoto hasa.

Jana alikuja kuchukua mkate. Alisubiri wateja wengine waondoke.

"Shoga," alisema kwa sauti ndogo, ambayo si ya kwake. "Zile dawa ulizokuwa umeziacha kwenye rafu. Nigawie vidonge vitatu tu. Kuna mtu wangu."

"Chaki, shoga?" mama alisema. "Unataka chaki ukaandikie wapi?"

Redio hakucheka. Mama akaacha kukanda.

"Zilisharudi hospitali. Huyo mtu wako, imemshika wapi?"

Mkono wa Redio ulianza kwenda kwapani, upande wa kushoto. Ukasimama njiani.

"Sikusema ni mimi."

"Nami sijasema. Sikiliza, shoga yangu. Uvimbe si lazima uwe kansa. Na ukiwa kansa, ziko za namna nyingi. Kifuniko changu huenda kisifunge kopo lako. Hatujui mpaka wapime." Mama alijifuta unga mikononi. "Jumanne nakwenda kutoa damu. Twende pamoja. Ukiogopa, tutaogopa wote wawili. Twende?"

Kutoka chumba cha pili mteja akaita, "Redio! Umeniacha na nusu kichwa!"

Redio alichukua mkate. Ulikuwa bado wa moto. Alifika mlangoni, akasimama, akauhamishia mkono wa kulia.

"Twende, shoga?" mama alirudia.